Mnunuzi Anapodai Arejeshewe Pesa: Haki Yake, Hila ya Tapeli na Haki ya Mtu wa Tatu

  

Ndugu zetu katika imani, ni nyumba chache Unguja na Pemba ambazo hazijapata kupokea ule ujumbe wa simu: "Ile pesa itume kwenye namba hii." Aliyeutuma hamjui aliyeupokea. Anatupa ndoana baharini, akitaraji kwamba katika watu elfu atapatikana mmoja ambaye kweli siku ile alikuwa na pesa ya kumtumia mtu. Ujumbe huo una nduguye. Mtu anapiga simu kwa sauti ya unyonge, anasema amekosea namba, pesa yake imeingia kwako, umhurumie umrejeshee. Wako wazee wetu waliorejesha kwa nia safi, kisha wakagundua kuwa ule ujumbe wa "umepokea" ulikuwa wa kughushi, na pesa waliyotuma ilikuwa yao wenyewe.

Hila hii sasa imevaa kanzu nyengine. Wapo vijana wetu wanaotengeneza programu za kompyuta na simu na kuziuza kupitia intaneti: programu za hesabu za duka, za kupangisha vyumba vya wageni, za kuwasomesha watoto herufi. Hii ni kheri, na visiwa vyetu vinaihitaji. Serikali ya Zanzibar ilizindua mpango wa Silicon Zanzibar mwaka 2022 ili kuvutia makampuni ya teknolojia. Lakini kijana anayeuza peke yake, akiwa chumbani kwake, hana mwanasheria wala mhasibu. Mnunuzi wake yuko Marekani, Ujerumani au Oman, na hawajapata kuonana. Siku moja inaingia baruapepe: nirejeshee pesa yangu. Hapo kijana anakuwa baina ya khofu mbili: khofu ya kula haki ya mtu, na khofu ya kuibiwa.

SUALA

Tumeletewa suala na kijana mmoja, nalo kwa ufupi ni hili: "Nauza programu ya hesabu za duka, dola 49 kwa leseni moja. Mteja wa nje amenunua leseni 5 kwa pamoja, jumla dola 245. Baada ya siku mbili ameniandikia kuwa amekosea, anataka arejeshewe. Lakini anasema kadi aliyolipia ameshaifunga, kwa hivyo nimtumie kwenye akaunti nyengine, yenye jina la mtu mwengine. Mama ananambia nirejeshe haraka, pesa ya mtu isilale nyumbani kwetu. Kaka yangu anasema huyo ni mwizi, nimfungie mawasiliano na pesa nizile, kwani mali nimeshamkabidhi. Nifanye lipi?"

Wanavyuoni wetu wamesema kwamba hukumu ya kitu ni tanzu ya kukifahamu kitu chenyewe. Basi kwanza tulifahamu jambo hili linavyokwenda.

PESA YA KADI INAVYOTEMBEA

Mtu anapolipa kwa kadi ya benki kupitia intaneti, muuzaji huiona pesa imeingia na hudhani kuwa biashara imekwisha. Haijesha. Mwenye kadi ana haki ya kwenda kwenye benki yake na kuweka pingamizi, akisema malipo haya siyajui, au bidhaa sikuipata. Kwa kadi za Visa, muda wa pingamizi kwa kawaida hufika siku 120. Benki ikikubali, pesa huchukuliwa kwa muuzaji bila ya kuombwa ridhaa yake, na juu yake hutozwa ada. Kampuni ya Stripe, kwa mfano, kwa wauzaji wa Marekani imekuwa ikitoza dola 15 kwa kila pingamizi. Pingamizi zikiwa nyingi, kampuni inayompokelea malipo muuzaji humfungia akaunti, na riziki yake ikakatika.

Sasa tupige hesabu ya suala letu. Tuseme kadi ile ni ya wizi. Mwizi amenunua kwa dola 245 za mtu mwengine. Kijana wetu akituma dola 245 kwenye ile akaunti nyengine, mwizi amezigeuza pesa za kadi ya wizi kuwa pesa safi mkononi mwake. Baada ya mwezi, mwenye kadi anaiona taarifa yake ya benki, anashtuka, anaweka pingamizi. Benki inachukua dola 245 nyengine kwa kijana, pamoja na ada. Kijana ametoa dola 490 na zaidi kwa mauzo ya dola 245, na leseni 5 huenda zimeshauzwa kwa watu wengine. Pale alipodhani anafanya ihsani, ametumiwa kama daraja la kupitisha wizi.

Na ule udhuru wa "kadi nimeshaifunga" hauna uzito unaodhaniwa. Pesa zikirejeshwa kwenye kadi iliyofungwa, aghlabu benki iliyoitoa kadi huzipokea na kumfikishia mteja wake kwa kadi mpya au kwa akaunti yake. Ikishindikana, hurudi kwa muuzaji, na yeye hupewa khabari. Kwa hivyo mwenye haki hapotezi haki yake kwa kurejeshewa kwa njia aliyolipia. Anayepoteza kwa njia hiyo ni mwizi peke yake.

SI KILA ANAYEDAI NI MWIZI

Hata hivyo, tusilichukue jambo hili kwa jicho moja. Maombi ya kurejeshewa pesa yana namna nyingi, na kila namna ina hukumu yake.

Yuko mnunuzi mkweli, ambaye programu imemkataa kwenye kompyuta yake, au amebonyeza mara mbili akalipa mara mbili, au mtoto amechezea simu. Huyu ndiye aliye mwingi, na haki yake haiondoki kwa sababu duniani kuna matapeli.

Yuko anayetumia kisha akarejesha. Duka la michezo ya kompyuta la Steam, tangu Juni 2015, linamruhusu mnunuzi kurejeshewa pesa ndani ya siku 14 ikiwa hajacheza zaidi ya saa 2. Kanuni hiyo ni ya huruma kwa wanunuzi. Lakini Agosti 2021 mtengenezaji anayejiita Emika Games alitangaza kwamba anaacha kazi ya kutengeneza michezo kwa muda usiojulikana. Mchezo wake, Summer of '58, ni mfupi, unamalizika kabla ya saa 2. Alieleza kwamba watu wengi waliucheza hadi mwisho, wengine wakausifu, kisha wakadai pesa zao. Hapana kanuni ya duka waliyoivunja, lakini muuzaji alibaki mikono mitupu.

Yuko anayenunua kwa kadi za wizi ili auze. Ananunua funguo za leseni kwa wingi, anaziuza kwa bei ya chini kwenye masoko ya intaneti, kisha wenye kadi wanaweka pingamizi. Wube Software, kampuni ya Czech inayotengeneza mchezo wa Factorio, ililalamika juu ya soko linaloitwa G2A. Baada ya uchunguzi, mwaka 2020 soko hilo lilikiri kuwa funguo 198 zilizopatikana kwa njia ya haramu ziliuzwa kwake, na likailipa Wube dola 39,600. Wube ilikuwa na kumbukumbu za kila ufunguo, na kwa hizo ndipo iliweza kuthibitisha dai lake. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila khabari, na huu ni ushahidi wake.

Na yuko anayejaribu kadi. Wezi hupata orodha za namba za kadi bila ya kujua ipi bado inafanya kazi, basi huzijaribu kwenye maduka madogo kwa manunuzi ya bei ndogo. Muuzaji akiona malipo mengi yaliyokataliwa kwa dakika chache, kisha moja likakubaliwa, ajue kuwa duka lake limefanywa kipimo.

HUKUMU YA SHARIA

Kwanza, programu ni mali. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la kimataifa, lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha tano Kuwait mwaka 1988, liliamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni haki zenye kulindwa na Sharia, na haijuzu kuzivamia. Katika kikao cha sita, Jeddah mwaka 1990, likajadili mikataba inayofungwa kwa njia za kisasa za mawasiliano baina ya watu wasiokaa pahala pamoja. Hivyo anayesema "hiki si kitu cha kushikika, kwa hivyo si wizi" hana hoja.

Pili, mnunuzi ana haki ya kurejesha kwa sababu ya aibu, yaani kasoro, ya bidhaa. Waliosoma Minhaaj ya Imaam An-Nawawi wanaujua mlango wa khiyaari. Muuzaji aliyesema programu yake inafanya jambo fulani nayo hailifanyi, ni wajibu wake kurejesha pesa mnunuzi akizitaka. Asijifiche nyuma ya neno "matapeli wamezidi". Hadithi ya lundo la chakula sokoni, aliyoipokea Imaam Muslim, inajulikana: Mtume (S.A.W.) alitia mkono ndani ya lundo akakuta rutuba ambayo mwenye duka ameificha chini, naye akamkemea kwa ukali. Picha nzuri zinazotangaza kazi ambayo programu haiwezi ni rutuba ile ile. Na upande wa pili, katika madhehebu yetu ya Shaafi‘iy, mnunuzi aliyeiona kasoro naye akaendelea kuitumia bidhaa bila ya udhuru, haki yake ya kuirejesha inaanguka. Basi asitumie miezi mitatu kisha akasema ilikuwa mbovu tangu siku ya kwanza.

Tatu, iko khiyaari ya sharti. Kwa Mashaafi‘iy haizidi siku 3, na Mahanbali wamejuzisha muda wowote unaojulikana. Muuzaji anayetangaza "siku 14 za kurejesha" basi achukue kauli hiyo ya Mahanbali, au alihesabu tangazo lake kuwa ni ahadi ya kukubali kuvunja biashara, na Muislamu hutekeleza ahadi. Swahaba Habbaan bin Munqidh (Radhiya Allaahu ‘anhu) alikuwa akipunjwa katika biashara, na Mtume (S.A.W.) akamfundisha aseme mapema, wakati wa kununua, kwamba pasiwe na udanganyifu, na katika baadhi ya mapokezi akapewa siku 3 za khiyaari. Funzo lake ni kwamba masharti husemwa kabla ya biashara, si baada ya ugomvi.

Nne, iko iqaalah, yaani kumkubalia aliyejuta avunje biashara ingawa hana haki ya kulazimisha. Abu Daawud na Ibn Maajah wamepokea kutoka kwa Abu Hurayrah (Radhiya Allaahu ‘anhu) hadithi yenye bishara ya msamaha wa Allaah kwa anayefanya hivyo. Ni ihsani kubwa, na muuzaji wa programu ana wepesi wa kuifanya kuliko muuzaji wa samaki. Lakini iqaalah ni kurejea pande mbili: pesa zinarudi na leseni inarudi. Anayechukua pesa zake na kuendelea kuitumia programu amekusanya badali na chenye kubadilishwa, na hiyo ni kula mali ya watu kwa batili, jambo lililokatazwa katika Suratun-Nisaa aya ya 29.

Tano, na hapa ndipo penye kiini cha suala letu, yuko mtu wa tatu. Sote tunawaona wawili tu, muuzaji na anayedai. Lakini ikiwa kadi ni ya wizi, pesa ile si ya muuzaji wala si ya anayedai. Ni ya mtu mwengine kabisa, pengine ni mama mmoja katika mji usioujua, ambaye bado hajaiona taarifa ya benki yake. Suratun-Nisaa aya ya 58 imetuamrisha tuzifikishe amana kwa wenyewe. Haikutuamrisha kumpa kila mwenye kuzidai. Kwa hivyo kumtumia mdai kwa njia nyengine ni kuitoa amana kwa asiyekuwa mwenyewe, na kuila ile pesa kwa hoja kwamba "mali nimeshamkabidhi" ni kula kilichoghusubiwa ilhali una shaka nacho. Yote mawili ni makosa. Kanuni inayomlinda kila mmoja ni hii: pesa irudi kwa njia ile ile iliyojia. Ikiwa mdai ni mkweli, itamfikia. Ikiwa ni mwizi, itamfikia aliyeibiwa.

DHANA NA UHAKIKA

Kijana anaweza kusema: basi nimwandikie huyu kuwa ni mwizi? La. Suratul-Hujuraat katika aya ya 12 imetukataza dhana mbaya, na katika aya ya 6 imetuamrisha tuhakikishe khabari kabla ya kuitendea kazi. Aya zote mbili zimo katika sura moja, nazo hazipingani. Kuhakikisha ni kazi ya mwenye akili. Kutuhumu bila ya dalili ni dhulma.

Alama za tahadhari zinajulikana: leseni nyingi kwa mpigo kutoka kwa mtu mpya, jina la mnunuzi kutofautiana na la kadi, nchi ya kadi kutofautiana na pahala alipo, haraka kubwa, malipo yaliyozidi bei kisha ombi la "ziada irejeshe kwa wakala wangu", na zaidi ya yote, kung'ang'ania njia nyengine ya kurejeshewa. Lakini alama si ushahidi. Mfikirie ndugu yetu aliyezaliwa Wete, anayeishi Muscat, mwenye kadi ya benki ya Uingereza alikosoma, na namba ya simu ya Tanzania. Kompyuta itamhesabu kuwa ni mtu wa kutiliwa shaka kwa kila kipimo, naye ni mtu mwema anayetaka kumnunulia mtoto wake programu ya kusoma. Ukimtukana, umemkosea Muislamu na umepoteza mteja.

Uzuri wa kanuni ya kurudisha kwa njia ile ile ni kwamba haikulazimishi kuamua nani mwizi. Unamjibu mkweli na mwongo jibu moja, kwa lugha moja ya adabu.

UTARATIBU TUNAOUSHAURI

Anayeuza programu peke yake aandike masharti yake kwa lugha nyepesi, yaonekane kabla ya kulipa: siku ngapi za kurejesha, leseni itasitishwa pesa zikirejeshwa, na pesa hurudi kwenye njia ya malipo ya mwanzo tu. Auzaye kwa wateja wa Ulaya ajue pia sheria zao. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 83 la mwaka 2011 linampa mnunuzi wa mbali siku 14 za kubadili nia. Kwa bidhaa ya kidijitali, haki hiyo huondoka akikubali waziwazi kupewa mara moja na akathibitisha kwamba anajua anaipoteza. Uingereza nayo ina Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015, inayotaka bidhaa ya kidijitali iwe na ubora wa kuridhisha. Kuheshimu sheria za nchi ya mnunuzi ambazo umeridhia kuuza chini yake ni katika kutimiza ahadi.

Pili, aweke kumbukumbu: tarehe ya malipo, tarehe ufunguo ulipotumwa, ulipowashwa mara ya kwanza, na barua zote. Aya ndefu kuliko zote katika Qur-aan, aya ya 282 ya Suratul-Baqarah, inahusu kuandika madeni. Na kwa hadithi ya Ibn ‘Abbaas (Radhiya Allaahu ‘anhumaa) juu ya madai na kiapo tumejifunza kwamba watu hawapewi kwa madai yao matupu. Mwenye kumbukumbu ana la kujibu benki inapomuuliza. Asiyekuwa nazo atashindwa hata akiwa mkweli.

Tatu, ombi likija, asijibu kwa hasira wala kwa pupa. Aulize kwa upole tatizo ni nini, kwani mara nyingi programu inahitaji marekebisho madogo na mteja hubaki. Akitaka kurejeshewa, jibu liwe fupi, kwa mfano: "Ombi lako limefika. Pesa zako zote zitarejeshwa kwenye kadi ile ile uliyolipia, na leseni zitasitishwa leo. Sirejeshi kwa njia nyengine, na hii ni hifadhi kwako pia. Ikiwa kadi imefungwa, tafadhali wasiliana na benki yako." Mkweli atashukuru. Mwizi aghlabu atanyamaza, au atatishia. Vitisho visimbabaishe.

Nne, zikidhihiri alama nzito za kadi ya wizi, asingojee kuombwa. Airejeshe pesa yote kwenye kadi ile, asitishe leseni, na aiarifu kampuni ya malipo. Kwa Sharia amejitoa katika shaka, na kwa dunia ameepuka pingamizi na ada yake. Makampuni mengi hayarejeshi ada ya muamala wa mwanzo, kwa hivyo atapoteza kidogo. Kidogo hicho akihesabu kwa Allaah.

Tano, pingamizi likishafunguliwa benki, asirejeshe tena kwa mkono wake, kwani atalipa mara mbili. Apeleke ushahidi wake kwa muda uliowekwa, aseme kweli tupu, na angojee uamuzi.

Sita, pesa ikishindwa kufika na ikarudi kwake, asiihesabu kuwa ni faida. Ni amana. Aiweke kando, aendelee kuwasiliana na kampuni ya malipo, na akikata tamaa kabisa ya kumpata mwenyewe, aitoe sadaka kwa niaba yake, kwa nia ya kumlipa siku akijitokeza.

Na kwa wale ambao biashara yao ni ya simu hapa nyumbani, kanuni ni hiyo hiyo. Anayedai amekosea kutuma, mwambie kwa adabu aende kwa kampuni yake ya simu, wao ndio wenye njia ya kuurejesha muamala. Wewe angalia salio lako, usitazame ujumbe tu, usitume kwa mkono, na pesa ikiwa kweli imeingia usiiguse. Ujumbe wa kitapeli upeleke kwenye namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

JIBU LA SUALA

Ewe ndugu yetu uliyeuliza, mama yako amesema kweli kwamba pesa ya mtu isilale nyumbani kwenu, na Allaah amlipe kwa malezi hayo. Kilichobaki ni kumfahamisha kwa upole kuwa hatujui bado mtu huyo ni nani. Kaka yako naye ameona khatari ya kweli, lakini kuila pesa hiyo hakuruhusiki kwa kuwa umeshuku wizi, bali shaka yako ndiyo inayozidi kukuzuia. Basi zirejeshe dola 245 zote kupitia kampuni ya malipo, kwenye kadi iliyolipa. Zisitishe leseni 5. Usitume hata senti moja kwenye ile akaunti nyengine, hata akilia au akikutajia maradhi na misiba. Usimwite mwizi, usimtukane. Na uhifadhi barua zake zote.

NENO KWA WANUNUZI

Wauza programu katika sisi ni wachache, lakini wanunuzi ni wengi, na kila nyumba ina simu inayoweza kununua. Tuwafundishe watoto wetu kwamba kile kitufe cha kuomba kurejeshewa pesa ni mlango wa haki, si mlango wa hila. Aliyecheza mchezo hadi mwisho akaufurahia, kisha akadai pesa kwa kuwa duka limemruhusu, ajiulize kama angeridhia yeye kushonewa kanzu, akaivaa Idi, kisha akairudisha kwa fundi. Ruhusa ya duka inaondoa lawama ya duka. Haimfanyi mtu kuwa mkweli anapoandika sababu ya uwongo.

Kubwa zaidi ni kumwambia mfanyakazi wa benki "malipo haya siyajui" ilhali unayajua. Huo ni ushahidi wa uwongo, na anayeumia ni mtu aliyekesha akitengeneza kitu kwa mikono yake. Ikiwa mtoto amenunua bila ya idhini, mwandikie kwanza muuzaji umueleze kweli. Wengi watakurejeshea kwa moyo mweupe. Suratul-Mutaffifiin imewaonya wale wanaotimiza kipimo wanapojipokelea na kupunguza wanapowapimia wengine. Mizani ya leo iko ndani ya simu, lakini hesabu yake ni ile ile.

Tunamuomba Allaah awape vijana wetu riziki ya halali na macho ya kuona mitego, awahifadhi wazee wetu na matapeli, na atujaalie tuwe wepesi tunapouza, tunaponunua na tunapodai. Aamiyn.

Wallaahu a‘lam.